Kumbukumbu ya mradi wangu: skripti ya "Doti", siku ya 1 hadi ya 118

Siku ya 1

Leo nimeanza. Nimenunua daftari la kurasa 200 pale Mwembe Tayari, Mombasa, nikaandika kwenye jalada DOTI, na chini yake: mchezo wa televisheni, kipindi cha kwanza, nusu saa.

Kisa chenyewe nimekaa nacho miaka. Ndugu wawili wa kike, baba mmoja mama mbalimbali, wameachiwa na marehemu baba yao duka la leso. Mkubwa, Rukia, amekulia mle dukani. Mdogo, Mwanaisha, amekuja kutoka Malindi baada ya arubaini kudai haki yake. Leso huuzwa doti, vipande viwili vilivyoshikana, na mpaka ukate na kupinda ndipo uvae. Mimi kazi yangu ni hiyo. Nina cherehani kibarazani Biashara Street, napinda leso za watu na kushona madera, na kila siku naona wateja wakishika doti nzuri wakasita kuikata. Hapo ndipo mchezo wangu ulipozaliwa.

Hakuna kituo kilichoniagiza. Marekani wanaiita skripti ya speki: mwandishi asiyejulikana anaandika kipindi kizima bila mkataba wala malipo ili aonyeshe anachoweza. Zamani huko waliandika zaidi kipindi cha mchezo uliokuwa hewani tayari, siku hizi wengi huandika mchezo wao wenyewe. Mimi naandika wangu.

Siku ya 4

Kompyuta sina, nina simu. Programu kubwa za skripti ni za kulipia, lakini nimegundua kuna namna ya kuandika inayoitwa Fountain, ilitolewa mwaka 2012, na haitaki chochote zaidi ya maandishi ya kawaida. Unaandika kwenye simu kama unavyoandika ujumbe, kisha programu ya bure inakupangia kila kitu: jina la mhusika katikati, maneno yake chini, herufi za Courier ukubwa wa 12.

Shida moja tu. Programu inatambua onyesho jipya likianza kwa INT au EXT, vifupisho vya Kiingereza vya ndani na nje. Mimi naandika NDANI na NJE, nayo ikayachukulia kama maelezo ya kawaida. Nimehangaika nalo siku mbili. Dawa ni nukta: ukitanguliza nukta moja, hivi, .NDANI, inakubali kuwa ni kichwa cha onyesho, na nukta yenyewe haitokei kwenye karatasi. Nimeiandika hapa kwa yeyote anayeandika kwa Kiswahili asije akapoteza siku mbili kama mimi.

Siku ya 11

Sijaandika kitu tangu Jumatano. Nilikuwa nimejipangia Jumapili nzima iwe ya kuandika, na Jumapili ikaja na harusi ya jirani, madera 6 ya sare yaliyotakiwa saa nane, na mama aliyeamka na mguu umevimba. Jumapili iliyotangulia ilikuwa hivyo hivyo.

Nimeamua kuacha kuisubiri siku ya nafasi. Kuanzia kesho naamka saa kumi na robo, natia maji ya chai jikoni, naandika mpaka adhana ya alfajiri. Nikiisikia, nafunga daftari hata kama mhusika yuko katikati ya neno. Ni kama dakika 40. Baada ya hapo ni swala, watoto, dawa za mama, na saa mbili na nusu niko kibarazani.

Siku ya 19

Siku 8 mfululizo nimeamka. Maonyesho 5. Nimeona jambo ambalo sikulitarajia: kuachia katikati ya neno kunanisaidia. Nikiwa kwenye cherehani mchana, mguu unakanyaga, mkono unasukuma kitambaa, na lile neno lililokatika linajimalizia lenyewe. Nina kijitabu chini ya sanduku la bobini. Neno likija naliandika humo, hata kwa chaki ya kushonea kama kalamu haipo karibu.

Siku ya 26

Hili la salamu lazima nilieleze kwa kirefu, maana limeninyima usingizi.

Mafunzo yote ya skripti yanasema: ingia kwenye onyesho ukichelewa, toka mapema. Usimwonyeshe mtu akibisha mlango, akikaribishwa, akiulizwa hali. Anza pale ugomvi unapoanza. Nikajaribu. Mwanaisha anaingia dukani na neno lake la kwanza ni urithi. Nikamsomea mama onyesho hilo usiku. Akaniuliza, "Huyu mtoto hana adabu, au umesahau?"

Nilikuwa nimesahau. Huku kwetu mtu haingii mahali bila hodi na salamu. Halafu kuna hali, kuna watoto, kuna wagonjwa, kuna "habari za tangu juzi". Nikiandika yote, ukurasa mzima unakwenda kabla jambo halijaguswa, na kwenye nusu saa ya televisheni, ukitoa matangazo, una dakika 24 hivi za kusimulia. Nikiyatoa yote, watu wangu si watu wa Mombasa tena.

Nimezunguka nalo wiki nzima. Leo alfajiri nimelipata. Nisiziondoe salamu kimyakimya kama kwamba hazipo. Mtu asiposalimu, wengine walione, na pale pasipo salamu ndipo pawe na habari. Onyesho la 3 sasa liko hivi:

.NDANI. DUKA LA LESO – ASUBUHI

Rukia anapinda leso. Mwanaisha anaingia na begi, anavuta kigoda, anaketi.

MWANAISHA
Ufunguo wa kabati u wapi?

Mguu wa Rukia unaacha kukanyaga cherehani.

RUKIA
Waaleikum salaam.

Basi. Mistari miwili, na mtazamaji wa pwani ameshajua kuwa kuna vita humu. Baada ya hapo nikapitia maonyesho yote nikiuliza swali moja: nani anamsalimu nani, na nani anaruka? Ami yao, ambaye wakati huo alikuwa mtu wa kupita tu, anasalimu kwa urefu na upole kila anapoingia, na kadiri salamu zake zinavyorefuka ndivyo unavyomwogopa. Hilo sikulipanga.

Siku ya 33

Skripti imebomoka, na nashukuru.

Nilikuwa nimegawa duka nusu kwa nusu kati ya dada hawa wawili. Jana baada ya Isha nikamsomea mwalimu wa madrasa ya wanangu, mzee ambaye mirathi anaijua kwa vidole. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Marehemu ana mtoto wa kiume?" Hana. "Mke?" Mmoja amefariki, mwingine waliachana zamani. "Wazazi?" Wametangulia. "Ndugu wa kiume?" Ndiyo, ami. Akasema basi mabinti wawili wana theluthi mbili, wagawane sawasawa, na theluthi iliyobaki ni ya huyo ndugu.

Nimekaa kibarazani asubuhi yote nikiifikiria hiyo theluthi. Nilidhani naandika ugomvi wa watu wawili, kumbe ni watatu, na yule wa tatu ana haki. Si mwizi, wala simtaki awe mwizi. Ni mzee mwenye madeni yake na fungu lake halali, na akilitaka mkononi, duka itabidi liuzwe. Sasa akina dada wana sababu ya kukaa chumba kimoja.

Na kuna jingine. Mahakama ya Kadhi, kwa katiba ya 2010, husikiliza mirathi pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali shauri lipelekwe hapo. Kwa hiyo mwisho wa kipindi cha kwanza nimeupata: Rukia na ami wamekubali. Mwanaisha ameshika kalamu, hajasaini.

Nimefuta kurasa 14, na sizililii.

Siku ya 41 hadi ya 70

Ramadhani. Madera, makanzu ya watoto, mapazia. Nimelala saa saba, nimeamka kwa daku, nimeshona tena. Skripti sikuigusa. Kijitabu cha chini ya bobini lakini kimejaa, maana mwezi huu watu husema mambo kwa fundi. Mteja mmoja alimwambia mwenziwe akipima dera, "Wacha livae mwili, moyo usivae." Nimeliandika kwa chaki. Siku moja litapata mdomo wa mhusika.

Siku ya 76

Nimerudi. Siku tatu za kwanza dakika 40 zote nilisoma tu nilichoandika, na ilibidi iwe hivyo.

Suala la lugha nimelimaliza. Michezo mingi inayotaja pwani inawapa watu Kiswahili cha darasani au cha Nairobi, kisha wanawavisha buibui. Mimi siwezi. Bibi yake Rukia mzaa mama, ami na wazee wa barazani wanasema Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, kama kilivyo: yuwaja (anakuja), mato (macho), mtele (mchele), kitwa (kichwa). Mtazamaji wa Kisumu ataelewa kwa sura na mkono. Rukia anasema Kimvita akiwa na bibi na anakipunguza akiwa na mteja. Mwanaisha anakipunguza kila wakati, hadi onyesho la mwisho. Naliamini jambo hili kuliko lolote jingine kwenye skripti.

Siku ya 90

Tumeisoma kwa sauti sebuleni. Binti yangu wa gredi ya nane alikuwa Mwanaisha, dada yangu Rukia, mimi wengine wote, na simu ikihesabu dakika. Kurasa 31. Kanuni ni ukurasa mmoja dakika moja. Sisi tulitumia dakika 36, na hapo hatujaweka mtu anayetembea wala anayekunja kitambaa.

Stima zilipotea kwenye onyesho la 9, tukaendelea kwa mwanga wa simu. Binti yangu alipofika kwenye ile kalamu alinyamaza muda mrefu kuliko nilivyoandika. Nikamuuliza kwa nini. "Mama, mimi pia nisingejua." Mama yangu, kutoka kitandani: "Asisaini."

Siku ya 104

Nimepunguza mpaka kurasa 25. Nilichokata ni kile nilichokipenda zaidi: onyesho la sokoni Marikiti, la kununua iliki, kurasa 3. Lilikuwa zuri na halikuwa na kazi.

Usiku huu nimesoma kanuni za utangazaji za hapa Kenya, kwa sababu nataka kujua mlango ninaougonga. Vituo vinatakiwa vipindi vya nyumbani visipungue asilimia 40, kwa hiyo nafasi ya mchezo kama huu ipo kwenye sheria. Na kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku kinachorushwa lazima kifae mbele ya watoto. Mchezo wangu unafaa, isipokuwa tusi moja la ami. Nimelitoa nikampa kimya badala yake, na kimya kinatisha zaidi.

Pia nimeanza kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki. Haki ya mwandishi inakuwapo tangu kazi ilipoandikwa, lakini wazo tupu halina ulinzi, na mimi natuma karatasi kwa watu nisiowajua. Nataka kuwe na rekodi.

Siku ya 118

Leo nimetuma. Kampuni tatu za utengenezaji, kila moja imepata ukurasa mmoja wa muhtasari na skripti nzima. Nilibonyeza nikiwa kibarazani, saa tano asubuhi, mteja akingoja leso yake. Aliniuliza, "Fundi, mbona mikono inatetemeka?" Nikamwambia nimetuma mzigo. Nikamaliza pindo, likatoka sawa.

Hesabu: siku 118, alfajiri 71 nilizoandika, kurasa 25. Hakuna shilingi iliyoingia na sijui ni lini mtu atajibu. Daftari lina kurasa nyingi nyeupe bado. Kesho saa kumi na robo naanza kipindi cha pili. Kinafunguka jikoni kwa bibi: sinia la mtele usiochaguliwa, dada wawili, na mmoja wao ametoa salamu kwanza.