Mkono Mmoja, Miguu Miwili na Keibodi ya Mtumba

Mkono wangu wa kulia haujafanya kazi tangu 2019. Nilikuwa abiria wa bodaboda, tukaanguka, bega langu likatangulia chini, na mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi ikachanika. Mkono upo, unaning'inia tu, hauniitikii. Walioumia kama mimi wanajua jambo jingine ambalo watu huwa hawaamini: mkono usiosikia hata ukichomwa sindano unaweza kuuma usiku kucha kama umelazwa juu ya makaa.

Hayo maumivu ndiyo yaliyonirudisha kwenye gemu. Dawa zilipunguza, lakini ikifika saa nane za usiku nilihitaji kitu cha kuijaza akili yote, isibaki hata nafasi ya kuusikiliza mkono. Kabla ya ajali nilikuwa mtoto wa vibanda vya gemu, mpira wa PlayStation, jioni nzima tumekaa kwenye benchi. Sasa nikaazima pedi ya gemu, nikaibana katikati ya mapaja, nikajaribu kuzifikia stiki zote mbili kwa vidole vya kushoto. Mchezaji wangu alikuwa anasimama kila nilipotaka kupiga shuti. Niliendelea hivyo kwa miezi, nikiamini nikifanya mazoezi vya kutosha vidole vitakuwa vyepesi.

Tatizo halikuwa wepesi. Hilo nililiona siku nilipochukua daftari nikaandika kila kitu ambacho gemu moja ya kompyuta ilinitaka nifanye ndani ya dakika tano. Karibu kila mahali niliposhindwa hapakuwa pa kubonyeza, palikuwa pa kushikilia. Shikilia Shift ukimbie. Shikilia Ctrl uiname. Shikilia kitufe cha kulia cha mausi ulenge, na muda huohuo W iko chini ili usisimame. Ukibonyeza, kidole kinafanya kazi yake na kiko huru. Ukishikilia, kidole kimefungwa hapo. Nina vidole vitano. Vitatu vikifungwa, sina mkono.

Basi nikaanza kuwinda kila penye kushikilia ili nipageuze pawe pa kubonyeza.

Nilianza na Windows kwa sababu ni kitu nilichokuwa nacho tayari, na kwa sababu kazini nilikuwa nakwama vilevile. Ninachapa barua na maombi ya watu kwenye steshenari hapa Morogoro. Kila aliyecheza gemu kwenye kompyuta amekutana na kile kidirisha kinachojitokeza ukigonga Shift mara tano, kinauliza kama unataka vitufe vinate. Miaka yote nilikizima bila kukisoma. Ukikubali, Shift, Ctrl na Alt zinakusubiri: unabonyeza Ctrl, unaachia, unabonyeza C, maandishi yamenakiliwa. Ukigonga Ctrl mara mbili mfululizo inajifunga mpaka uiguse tena. Kwenye kuchapa jambo hilo lilibadilisha siku yangu nzima. Kwenye gemu lilisaidia nusu tu. Baadhi zilitii, nyingine hazikutii.

Msaada mkubwa ulikuwa ndani ya gemu zenyewe, kwenye mipangilio ambayo sikuwahi kuifungua nilipokuwa na mikono miwili. Katika Minecraft, gemu ya kuchimba na kujenga kwa matofali, kukimbia na kunyata vyote unaweza kuvitoa kwenye kushikilia ukaviweka kwenye kubonyeza mara moja, na mhusika anaweza kupanda tofali moja mwenyewe bila wewe kuruka. Celeste, gemu ya 2018 ya msichana anayepanda mlima, inakwenda mbali zaidi. Kukamata ukuta kunaweza kuwa kwa kubonyeza mara moja, na ina hali ya usaidizi inayokuruhusu kushusha kasi ya gemu yote hatua kwa hatua mpaka asilimia 50. Nilianza na 70. Kuna wanaoita hilo udanganyifu. Mimi naona mlima uko palepale na miiba iko palepale. Kilichobadilika ni kwamba napata muda wa kuhamisha kidole.

Lakini gemu za kutembea huku ukigeuza macho ya mhusika kwa mausi zilibaki kuwa ukuta. Mkono wa kushoto ukishika mausi, nani atembee?

Jibu nililipata kwenye kifaa ambacho sijawahi kukigusa. Mwaka 2018 Microsoft walitoa Xbox Adaptive Controller, bei yake Marekani ilikuwa karibu dola 100. Ina vitufe viwili vikubwa kama visahani na matundu 19 nyuma yake, na kila tundu unachomeka swichi yako mwenyewe: ya goti, ya kidevu, ya kiwiko. Kwa kipato changu sikuiweza. Ila wazo lake ni la bure: kitufe si lazima kiwe mahali mkono ulipo.

Nikanunua keibodi ya mtumba kwa shilingi 5,000 na kuichomeka kwenye laptop. Windows haijali una keibodi ngapi, zote inazisoma kama moja. Niliing'oa vitufe vyote isipokuwa vitatu vilivyo mbalimbali: A kwa mguu wa kushoto, ile ya nafasi katikati, na Enter kubwa iliyo pembeni ya namba kwa mguu wa kulia. Kisha ndani ya gemu nikabadilisha: Enter kwenda mbele, A kurudi nyuma, nafasi kuruka. Shift sikuichagua, makusudi, maana mguu ungekiita kile kidirisha kila dakika. Juu ya kila kitufe nikabandika kipande cha kandambili kwa gundi ya fundi viatu ili vidole vya mguu vikijue bila kutazama.

Usiku wa kwanza ulikuwa mgumu. Mguu ni mzito, ukipumzika tu mhusika anatembea, na nilitembea moja kwa moja hadi kwenye lava nikiwa na almasi za wiki nzima. Dawa yake ilikuwa kipande cha mbao chini ya kisigino, kinachopanda juu kidogo kuliko keibodi, ili vidole vining'inie juu ya kitufe badala ya kukilalia. Misuli ya vigimbi iliuma wiki mbili. Hata sasa sizidishi saa moja na nusu bila kunyanyuka.

Kwa vilivyobaki natumia AutoHotkey, programu ya bure inayokuwezesha kuandika mistari michache ya maelekezo, mfano bonyeza F1 mara moja ishikilie kitufe fulani mpaka ubonyeze tena. Ninaitumia kwenye gemu za peke yangu tu. Baadhi ya gemu za mashindano mtandaoni zinaihesabu kama wizi na zinaweza kukufungia akaunti, na kumweleza mtu wa mbali kwamba una mkono mmoja ni kazi ndefu. Nadhani hapo waundaji wanatuonea. Wangeweka kitufe cha kubonyeza kila penye kushikilia, nisingehitaji programu ya pembeni.

Kwenye Celeste sasa niko asilimia 90 ya kasi. Vidole viko kwenye vitufe vya mishale, dole gumba kwenye sifuri ya namba likikamata ukuta, mguu wa kulia unaruka, wa kushoto unachoropoka. Mpwa wangu wa miaka tisa akija likizo anavua viatu kabla hata ya kunisalimia. "Shikamoo mjomba, leo naanza mimi," anasema, na anakaa kwenye kiti changu huku miguu haijafika vizuri chini. Kipande cha kandambili cha kwenda mbele kimelika upande mmoja kwa sababu yake. Jumamosi nitakata kingine, na nitaongeza mbao ya pili, fupi, ya kisigino chake.