Mara Tano Tu: Fiziotherapia kwa Video Baada ya UVIKO-19

Zoezi langu la kwanza lilikuwa kunyanyuka kitini na kuketi tena, mara tano tu. Mtaalamu wa fiziotherapia, aliyekuwa akinitazama kupitia simu niliyoiegemeza kwenye rundo la vitabu, alinitaka kwanza nisogeze kiti ukutani kisije kikateleza, kisha nivae kipimo cha oksijeni kidoleni na kumsomea namba zote mbili, ya oksijeni na ya mapigo ya moyo. Nilipofika mara ya nne alinisimamisha. Mimi, niliyezoea kupanda ghorofa nne bila kuhema, niliona kama ninafanyiwa dhihaka.

“Najua leo unaweza hata ishirini,” akaniambia. “Ninachotaka kujua ni utaamkaje kesho kutwa.”

Alikuwa na sababu. Wengi wetu tunaoendelea kuugua baada ya UVIKO-19 huangushwa na shughuli ndogo, iwe ya mwili au ya akili, na anguko lenyewe aghalabu huja saa 24 hadi 72 baadaye, wakati mtu amekwisha kusahau alichokifanya. Nilikuwa katika mwezi wa tano wa ugonjwa, na kwa ushauri wa mtaalamu mwingine nilikuwa nimejaribu kuongeza dakika 5 za kutembea kila wiki, nikiamini kwamba misuli imelegea kwa kulala tu. Kila nilipoongeza, nililala siku tatu. Baadaye nilisoma kwamba NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, iliacha mwaka 2021 kupendekeza mazoezi ya kuongezwa kwa ratiba isiyobadilika kwa wagonjwa wa uchovu sugu, ambao huanguka kama sisi. Laiti ningalijua mapema.

Faida kubwa ya kutibiwa kwa mbali niliiona katika safari ambayo sikulazimika kuifanya. Kwenda kliniki kulimaanisha kuvaa, kushuka ngazi, kusubiri kwenye benchi chini ya taa kali, na hadi zamu yangu inafika nguvu za siku nzima zilikuwa zimekwisha. Kwa video, mtaalamu alinikuta nilivyo, tena akaona na jikoni kwangu. Siku moja aliniomba nioshe vyombo kama kawaida, na baada ya dakika tatu mapigo ya moyo yalikuwa yametoka 78 hadi 121, ilhali nilikuwa nimesimama tu. Tangu siku hiyo naosha vyombo nikiwa nimeketi kwenye stuli. Aliniandikia pia barua ya kumpelekea daktari, kwa kuwa mapigo yanayoongezeka kwa 30 au zaidi ndani ya dakika 10 za kusimama yanahitaji kuchunguzwa, na hilo halimalizwi kwa mazoezi.

Utafiti uitwao REGAIN, uliochapishwa katika jarida la BMJ Februari 2024, uliwahusisha watu 585 wa England na Wales, na waliopata wiki 8 za vikao vya pamoja mtandaoni, vya mazoezi na msaada wa kisaikolojia, waliendelea kuwa na maisha bora kuliko wenzao hata baada ya mwaka. Nafarijika, ingawa wote walikuwa wamelazwa hospitalini kwa UVIKO-19, nami sikulazwa. Sidhani kwamba ratiba yao ningeiweza.

Kilichokosekana ni mikono. Mtaalamu alipotaka kujua kama ninapumua kwa kifua au kwa tumbo, ilibidi dada yangu aniwekee kiganja tumboni na kueleza anachokihisi, huku picha ikikwama na sauti ikitangulia. Tulicheka, nami nikaishiwa pumzi kwa kucheka, jambo ambalo pia liliandikwa kwenye daftari.

Wiki hii, baada ya miezi saba, nimeruhusiwa kunyanyuka kitini mara nane. Jana nilifanya saba, nikaketi.