Nani Humwondoa Nani: Kutoka Unguja hadi Kigali

Vitabu vya uraia ninavyofundishia huanza na mihimili mitatu, yaani Serikali, Bunge na Mahakama, na mwanafunzi akishaikariri huona nchi zote za Afrika Mashariki zimefanana, kwa kuwa hakuna hata moja isiyo na rais, wabunge na majaji. Likizo ya Juni niliamua kwenda kuzitazama nchi hizi kuanzia chini. Nilijiwekea swali moja la kuuliza kila nitakapofika: kiongozi aliye karibu zaidi na mlango wa mwananchi amewekwa na nani, na akiharibu anaondolewa na nani.

Nilianzia Unguja kwa makusudi, kwa kuwa huko mtu huishi chini ya marais wawili bila kuvuka mpaka wowote. Tangu Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964, Zanzibar imebaki na Rais wake, Baraza lake la Wawakilishi lililoko Chukwani, mahakama zake na, tangu 2005, bendera yake, huku ulinzi, polisi, uraia, sarafu na mambo ya nje yakiwa mikononi mwa Serikali ya Muungano. Orodha ya mambo ya Muungano ilianza na mambo 11 na leo ina 22, na Wazanzibari wengi niliozungumza nao wanaijua orodha hiyo kuliko wanafunzi wangu wa Bara wanavyoijua. Tanganyika, kwa upande wake, haina serikali yake. Mambo yake yasiyo ya Muungano yanaendeshwa na Serikali ileile ya Muungano, hivyo waziri wa kilimo anayekaa Dodoma ni waziri wa Bara peke yake, ingawa cheo chake husomeka kama cha Tanzania nzima.

Katika baraza moja ya Kikwajuni, wazee wakiwa kwenye kahawa na bao, niliuliza swali langu juu ya sheha, kiongozi wa serikali aliye karibu zaidi na wananchi huko. “Sheha hatumpigii kura, mwalimu,” alinijibu mmoja wao bila kuinua macho kwenye kete. “Analetwa na mkuu wa mkoa, na mkuu wa mkoa analetwa na Rais. Lakini ukitaka kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, huna njia ya kumkwepa.” Mwenzake aliongeza kwamba ndiyo maana kila uchaguzi ukikaribia, masheha hutajwa katika malalamiko ya uandikishaji wa wapiga kura kabla hata ya wagombea kutajwa.

Huku juu, hata hivyo, Zanzibar ina mpango ambao sikuukuta kokote kwingine njiani. Baada ya maridhiano ya Novemba 2009 kati ya Rais Amani Abeid Karume na kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 ambapo takriban theluthi mbili ya wapiga kura walikubali, Katiba ya Zanzibar ilibadilishwa ili chama kitakachoshika nafasi ya pili kitoe Makamu wa Kwanza wa Rais na kiwe na mawaziri ndani ya serikali, iwapo kimepata walau asilimia 10 ya kura. Ni mpango wa watu waliochoka kuzikana baada ya kila uchaguzi. Udhaifu wake ulionekana mwaka 2016, upinzani uliposusia uchaguzi wa marudio: hapakuwa na chama cha pili kilichofikia kiwango hicho, na kiti cha Makamu wa Kwanza kikabaki kitupu hadi 2020. Serikali ya pamoja inaweza kuandikwa kwenye katiba, lakini kama upande mmoja haukuamini uchaguzi wenyewe, maandishi hayo hayana wa kumkalisha kitini.

Nilivuka kwenda Dar es Salaam kwa boti, na pale bandarini abiria mwenye televisheni mpya alisimamishwa alipie ushuru huku sisi wenye mabegi ya nguo tukipita. Mtaani nilikofikia, mwenyekiti wa serikali ya mtaa amechaguliwa kwa kura na anaujua ukoo wa kila nyumba. Barua ya utambulisho huandikwa ofisini kwake kwenye meza yenye mihuri na kidau cha wino wa zambarau. Hata hivyo, kila ngazi unayopanda kutoka kwenye meza hiyo, kura inazidi kupungua nguvu. Diwani anachaguliwa, lakini mkurugenzi wa halmashauri anayeshika fedha anateuliwa na Rais. Mkuu wa wilaya anateuliwa na Rais, na mkuu wa mkoa vilevile, katika mikoa yote 26 ya Bara.

Treni ya umeme ilinifikisha Dodoma wakati wa Bunge la bajeti, nami nikapata nafasi kwenye ukumbi wa wageni asubuhi ya maswali na majibu. Kwetu waziri lazima awe mbunge, na unaliona hilo kwa macho: anasimama mstari wa mbele kujibu kama Serikali, na jioni hiyohiyo anaweza kuwapokea wajumbe kutoka jimboni kwake wanaomwulizia barabara. Sifa ya mfumo huu ni kwamba waziri haponyoki uso wa wenzake. Kasoro yake ni kwamba mbunge wa kawaida anayeota uwaziri hana hamu ya kumbana mtu ambaye kesho anaweza kuwa jirani yake kitini. Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba iliipendekeza hoja hiyo mwaka 2013, kwamba mawaziri wasiwe wabunge, pamoja na ile iliyopigiwa kelele zaidi ya kuwa na serikali tatu, yaani ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano. Bunge Maalum la Katiba likairudisha nchi kwenye serikali mbili mwaka 2014, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haikufanyika.

Basi la Kondoa na Babati lilinipeleka Arusha, na kutoka hapo nikapanda gari dogo hadi Namanga, mahali nilipokaa kuliko nilivyopanga. Namanga ni mji mmoja uliogawanywa na katiba mbili. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe rasmi Desemba 2018, msafiri anayetoka Tanzania anagongewa mhuri wa kutoka na afisa wa Tanzania aliyeketi ndani ya jengo la Kenya, kisha anasogea hatua chache hadi dirisha la Mkenya. Nje ya jengo hilo, upande wa kusini ni Wilaya ya Longido, ambayo mkuu wake anateuliwa na Rais, na upande wa kaskazini ni Kaunti ya Kajiado, ambayo gavana wake anapigiwa kura. Wamaasai wanaopitisha ng'ombe ni walewale, na ukame wanaouzungumzia ni uleule.

Mama mmoja anayeuza shanga, mwenye dada yake Longido, alinipa somo zuri kuliko yote niliyoyapata safarini. Alinionyesha zahanati na kusema hiyo ni ya kaunti, akanionyesha kituo cha polisi na kusema hicho ni cha Nairobi, kisha akanionyesha kibali chake cha biashara ambacho ada yake inaingia kaunti. “Huku tukikasirika tunangoja Agosti,” aliniambia. “Kule kwa dada yangu mkikasirikia mkuu wa wilaya mnangoja nini?” Nilimjibu kwamba tunangoja uteuzi mpya, ambao hutangazwa usiku na kusomwa kwenye simu asubuhi. Alicheka, kisha kwa haki akakiri kwamba hata kwao chifu hachaguliwi. Ndivyo ilivyo: Katiba ya Kenya iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 iliunda kaunti 47 zenye magavana na mabunge yao, lakini utawala wa zamani wa mikoa haukufutika. Kamishna wa kaunti na machifu chini yake wanawajibika kwa Serikali ya kitaifa, hivyo mtu wa Namanga ana wakubwa wa aina mbili, mmoja wa kura na mwingine wa barua.

Katika matatu iliyopita Kajiado na Kitengela kuelekea Nairobi, abiria walibishana juu ya gavana wao kwa jina, mali zake na barabara aliyoahidi, jambo ambalo sijawahi kulisikia likifanywa juu ya mkuu wa mkoa ndani ya daladala. Katiba yao inazipa kaunti si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa, na Seneti, ambayo sisi hatuna, ndiyo mlinzi wa fungu hilo. Ndiyo pia mahakama ya magavana: bunge la kaunti likipiga kura ya kumtimua, Seneti inasikiliza mashtaka na kuamua. Gavana wa Nairobi, Mike Mbuvi Sonko, aliondolewa kwa njia hiyo Desemba 2020, ingawa ni haki kusema kwamba mapema mwaka huohuo alikuwa ameshakabidhi majukumu makubwa ya kaunti yake kwa Serikali ya kitaifa, nayo yakaendeshwa na chombo kilichoongozwa na mwanajeshi. Wakenya wenyewe husema ufisadi nao umegatuliwa, na sina sababu ya kuwabishia. Pamoja na hayo, mwizi niliyempigia kura na ninayejua mahali pa kumshitaki ni afadhali kwangu kuliko mwadilifu niliyeletewa.

Nilisimama kidogo mbele ya Mahakama ya Juu jijini humo. Tarehe 1 Septemba 2017 majaji wanne dhidi ya wawili, wakiongozwa na Jaji Mkuu David Maraga, walibatilisha uchaguzi wa rais, wakaamuru urudiwe ndani ya siku 60. Ibara ya 41(7) ya Katiba yetu ya 1977 inasema kwamba mgombea akishatangazwa na Tume ya Uchaguzi kuwa amechaguliwa kuwa Rais, hakuna mahakama itakayochunguza uchaguzi huo. Nchi mbili zilizorithi sheria za Mwingereza yuleyule, zenye majaji wanaovaa majoho yanayofanana, zimetofautiana hapa kwa kiasi ambacho mihimili mitatu ya kitabuni haiwezi kukieleza.

Basi la usiku lilitupitisha Busia alfajiri, na mchana nilikuwa Kampala. Kwa mtu aliyetoka katika nchi ambayo utawala wa machifu ulifutwa mara baada ya uhuru, Uganda inashangaza. Mengo kuna barabara iliyonyooka kutoka Bulange, jengo ambamo Lukiiko, bunge la Buganda, hukutana, hadi ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Katikati yake kuna mzunguko wa magari, na magari yote yanauzunguka. Ila katikati ya mzunguko wenyewe imepasuliwa njia yenye lango, ambalo hufunguliwa kwa Kabaka peke yake ili asilazimike kupinda. Nilimtazama dereva wa bodaboda akiuzunguka mzunguko ule kwa utii ambao hakuwa ameuonyesha kwa taa za barabarani kutwa nzima.

Historia ya lango lile ni nzito. Uganda ilipata uhuru mwaka 1962 ikiwa na Buganda yenye hadhi ya shirikisho, na mwaka uliofuata Kabaka Mutesa II akawa Rais wa nchi huku Milton Obote akiwa Waziri Mkuu. Mei 1966 jeshi lilishambulia ikulu ya Mengo, Kabaka akakimbilia Uingereza alikofia mwaka 1969, na katiba ya 1967 ikafuta falme zote. Zilirudishwa mwaka 1993, Ronald Muwenda Mutebi II akatawazwa, na katiba ya 1995 ikawatambua viongozi wa jadi kwa sharti la kutojiingiza katika siasa za vyama. Kwa hiyo Kabaka ana mawaziri, Katikkiro (waziri mkuu wake) na bunge, lakini hana polisi wala kodi ya lazima. Na Septemba 2009, Serikali ilipozuia ziara yake ya Kayunga, ghasia zilizozuka zilionyesha kwamba mtu asiye na mamlaka ya kisheria anaweza kuwa na watu wengi kuliko mwenye nayo.

Upande wa Serikali kuu, nilikuta mchanganyiko niliouzoea. Mwenyekiti wa wilaya anachaguliwa, lakini pembeni yake anakaa kamishna mkaazi aliyeteuliwa na Rais. Kampala yenyewe ina Meya Mkuu wa kura na Mkurugenzi Mtendaji wa uteuzi, wakigombania jiji moja. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la ngazi ya kijiji au mtaa, ambaye barua yake ni ndugu ya ile ya mtaani kwetu, alichaguliwa Julai 2018 kwa wapiga kura kujipanga foleni nyuma ya wagombea, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu 2001. Mwenyeji wangu alisema alipanga foleni nyuma ya jirani yake kwa sababu mke wa jirani huyo alikuwa anahesabu watu. Ukomo wa vipindi vya urais uliondolewa mwaka 2005 na ukomo wa umri wa miaka 75 ukaondolewa 2017, kwa hiyo sehemu ya pili ya swali langu, ile ya nani humwondoa nani, pale juu ilijibiwa kwa mabega kupandishwa.

Rwanda niliipita haraka. Baada ya mpaka wa Gatuna magari huhamia mkono wa kulia, mashamba ya chai hujaza bonde, na karatasi nazo hubadilika: katiba inakataza chama chenye wabunge wengi kuchukua zaidi ya nusu ya viti vya baraza la mawaziri, Spika wa Baraza la Wabunge hatoki chama kimoja na Rais, na wanawake ni zaidi ya asilimia 60 ya wabunge hao. Vizuizi hivyo vya kugawana madaraka vimeandikwa kwa uangalifu kuliko vyetu, na vinaishi pamoja na rais aliyetangazwa mshindi mwaka 2024 kwa zaidi ya asilimia 99 ya kura.

Meya wa wilaya, katika wilaya 27 zilizo nje ya Jiji la Kigali, hachaguliwi na wananchi moja kwa moja. Anachaguliwa na baraza la wilaya. Lakini kila mwaka husaini imihigo mbele ya Rais, mkataba wa malengo yanayohesabika, kama vile nyumba zitakazopata umeme au hekta zitakazopandwa, kisha wilaya hupangwa hadharani kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Nilimwuliza mwenyeji wangu wa Kigali, mwalimu mwenzangu, nini humpata meya anayeshika mkia. Alisema wa kwao alikuwa amejiuzulu kwa barua, kwa sababu zake binafsi, na baraza likaipokea barua hiyo siku hiyohiyo.