Masjala mchana, fomu ya chuo usiku

Saa 11:30 alfajiri. Nafagia uwanja, nakunywa chai na michembe ya jana. Fomu ya chuo imekaa kwenye simu wiki ya pili sasa, kozi sijachagua. Baba anataka nisome utunzaji wa kumbukumbu hapahapa Tabora, kwenye tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma, ambalo yeye mpaka leo analiita Uhazili. Mjomba anacheka: "Yaani uende chuo kusomea kupanga mafaili?"

Saa 1:30. Kwa miguu toka Isevya, chini ya miembe. Najitolea kwenye masjala, chumba cha barua na majalada, ya ofisi moja mjini. Posho yangu ni chai ya saa nne. Bosi wangu tunamwita Mama Masjala, na jina analipenda.

Saa 2:00. Barua zinaingia. Nagonga muhuri wa kupokelea, naandika kwenye rejista imetoka wapi na inahusu nini, naitoboa, naiweka kwenye jalada lake na kuipa namba ya folio, yaani namba ya zamu yake humo ndani, kwa kalamu nyekundu, kona ya juu kulia. Wiki ya kwanza niliona namba hizo ni usumbufu tu.

Saa 4:10. Chai haijapoa, mzee anasimama dirishani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Nimekuja tena."

Alikuwa dereva, amestaafu. Anafuatilia mafao na anadaiwa barua ya kuthibitishwa kazini. Nakala yake ililiwa na mchwa nyumbani. Hii ni mara ya tatu anakuja kuulizia ya ofisini. Mara mbili ameambiwa haipo, arudi baadaye.

Natoa jalada lake. Folio 5, folio 6, folio 8.

Narudia kuhesabu. Saba haipo, maana yake iliwahi kuwepo. Nampelekea Mama Masjala, anaangalia jina juu ya jalada, anasema tu, "Mtafute wajina wake."

Rejista ina watu wawili wenye majina yaleyale, wanatofautiana la babu. Jalada la wa pili ni nene, vumbi lake linanipigisha chafya. Napekua mpaka saa 7 kasoro. Katikati ya folio 31 na 32 imekaa barua yenye 7 nyekundu pembeni. Kuna mtu aliitoa kwenda kuitolea nakala, akairudisha alikoona panafaa.

Mzee alikuwa bado nje kwenye kivuli. Aliisoma yote, polepole, akaomba nakala mbili.

Saa 8:00. Ofisi inahamia kwenye mfumo wa kompyuta, nikauliza kama kazi hii itakuwepo miaka kumi ijayo. Mama Masjala akajibu kwamba barua iliyopewa jina bovu kwenye kompyuta imepotea vilevile, ila haina vumbi. Halafu akaanza kumfokea kijana wa stoo aliyependekeza majalada ya zamani yachomwe. Ukitaka mama yule azungumze, mtajie moto. Akamsomea Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002: jalada haliteketezwi kwa sababu kabati limejaa.

Sijasahau upande wa pili. Rafiki yangu ana stashahada ya fani hii, anauza mitumba, na kila wiki anachungulia Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi serikalini. Mjomba angenitajia huyo, ningenyamaza. Hoja yake ya kupanga mafaili, hapana.

Saa 9:30. Nafunga dirisha, nanunua nyanya, narudi.

Saa 2:00 usiku. Naweka kozi ya kwanza: utunzaji wa kumbukumbu. Baba anajifanya anasikiliza redio. Fomu inadai cheti cha kuzaliwa. Tukafunua magodoro, tukashusha masanduku, nusu saa nzima, mpaka mama alipokumbuka kwamba alikiweka ndani ya mfuko wa vitenge vya harusi ya shangazi, kisiharibike.