Soksi zangu za vilima vya Njombe
Jamani nimemaliza! Soksi za lesi zenye vilima vya chai vya Kibena, ile mistari unayoiona asubuhi ukungu ukianza kupanda, nilikuwa naipita kila siku mpaka nikasema hii lazima niifume. Mishono 60 kwenye sindano, kila kilima mishono 10, yani unazungusha uzi unapata tundu huku na huku halafu katikati unabana mitatu inakuwa mmoja, ndo mstari unajikunja wenyewe. Ukisahau tundu moja tu hesabu yote imeharibika, mi nilifumua hadi kisigino mara mbili, usiku wa manane. Uzi wa sufu, kijani kibichi. Mama kazivaa saa hii anaota moto jikoni, hataki kuzivua, na baridi hii ya Juni simwombi.