Nilivyolizoesha tumbo kupokea gramu 90 za wanga kwa saa

Wengi wanaojiandaa kwa mbio za baiskeli za saa nne au tano huhesabu kilomita, wati na mapigo ya moyo, halafu suala la kula njiani huliacha hadi siku yenyewe. Mimi tumbo nimeliwekea ratiba yake ya mazoezi. Hesabu ni hii: kusukuma wati 200 kwa saa nzima ni kilojuli 720 za kazi kwenye pedali, na kwa kuwa mwili hugeuza takriban robo tu ya nishati yake kuwa mwendo, unateketeza kama kilokalori 700 kila saa. Akiba ya wanga kwenye misuli na ini ni kama gramu 500, yaani kilokalori 2,000. Mafuta ya mwili husaidia, lakini kasi ikipanda wanga ndio unaobeba mzigo mkubwa. Gramu 90 kwa saa ni kilokalori 360, nusu ya matumizi. Gramu 30 hazifiki hata robo.

Glukosi, sukari ambayo wanga mwingi huvunjwa kuwa yenyewe, peke yake haiwezi kukufikisha hapo. Njia yake ya kupita kwenye ukuta wa utumbo mwembamba hujaa karibu na gramu 60 kwa saa. Kinachozidi hubaki utumboni, huvuta maji, na hapo ndipo tumbo linapojaa gesi au unapolazimika kutafuta choo. Fruktosi, yaani sukari ya matunda, hupita njia nyingine, kwa hiyo ukiichanganya na glukosi unapata nafasi ya ziada. Usiitumie peke yake, maana hufyonzwa polepole na huvuruga tumbo upesi.

Huhitaji unga wa kinywaji cha michezo wa bei mbaya. Sukari ya kawaida ni nusu glukosi, nusu fruktosi. Kwa chupa ya mililita 750 napima gramu 60 za sukari na gramu 30 za maltodekstrini, ambayo ni glukosi iliyoungana na haina utamu mwingi. Jumla inakuwa glukosi 60, fruktosi 30. Naongeza robo kijiko cha chai cha chumvi, kama gramu 1.5, yenye sodiamu karibu miligramu 600. Sukari na maltodekstrini zipime kwa mizani ya jikoni. Chumvi pima kwa kijiko, kwa sababu mizani hiyo hubahatisha kwenye uzito mdogo. Tia kwanza nusu chupa ya maji ya uvuguvugu, kisha unga, tikisa, ndipo ujazie maji baridi. Ukianza na unga, maltodekstrini hushikana madonge yanayonata chini ya chupa, na unaweza kumaliza saa nzima ukinywa maji matamu kidogo huku wanga wenyewe umelala pale chini.

Sasa tumbo. Nilianza na gramu 45 kwa saa, yaani nusu ya vipimo hivyo katika chupa ileile, kisha nikapandisha gramu 15 kila baada ya wiki mbili: 60, 75, 90. Hatua ikileta kichefuchefu, rudi ya chini yake kwa wiki moja. Fanya hivyo kwenye safari ndefu ya wiki, na mara moja zaidi kwenye zoezi la kasi ya mbio, kwa sababu tumbo linalovumilia mwendo wa taratibu linaweza kugoma damu nyingi inapokwenda miguuni. Safari ya chini ya dakika 90 haihitaji haya yote.

Anza kunywa ndani ya dakika 20 za mwanzo, kabla njaa haijabisha hodi. Nimetegesha kompyuta ya baiskeli inikumbushe kila dakika 15, na kila mara napiga mafunda matatu au manne, karibu mililita 190. Anayesahau kwa dakika 40 kisha akagugumia nusu chupa hupeleka tumboni mzigo wa nusu saa kwa mkupuo, halafu analaumu kinywaji.

Maji ni hesabu nyingine. Jipime bila nguo kabla na baada ya saa moja ya kasi ya mbio, bila kwenda haja katikati. Ukitoka kilo 70.4 ukarudi 69.6, na ulikunywa nusu lita, umetoa jasho la lita 1.3. Usilenge kurudisha lote. Kwenye joto nabeba chupa mbili, moja ya wanga na nyingine ya maji yenye chumvi kidogo, kwa sababu chupa ya gramu 90 tayari ina ukolezi wa asilimia 12 na haitoshi kukata kiu. Ukimaliza safari na uzito mkubwa kuliko ulioanza nao, umekunywa kupita kiasi. Sodiamu ya damu ikishuka huja kichwa kuuma, vidole kuvimba na hata kuchanganyikiwa, na hilo ni la hospitali.

Kwa wa triathloni, yaani kuogelea, baiskeli kisha kukimbia, kuna mambo mawili zaidi. Ukitoka majini mapigo yako juu na pengine umemeza hewa na maji, hivyo dakika 10 za mwanzo kwenye baiskeli nywa maji tu. Na dakika 15 za mwisho kabla ya kushuka punguza, usianze kukimbia na chupa inayochezacheza tumboni. Kwenye kukimbia mimi hushuka hadi gramu 40 au 60, kwa kuwa mtikisiko hauvumilii zaidi. Jeli, ule wanga mzito wa kwenye pakiti ndogo, nayo imeze na maji, si na kinywaji cha wanga, la sivyo unarundika sukari juu ya sukari.

Mwenye kisukari asifuate vipimo hivi bila daktari wake. Wengine wote, suuzeni kinywa kwa maji kila baada ya mafunda ya sukari, na mkirudi nyumbani ng'oeni vali ya mpira kwenye mdomo wa chupa mkailoweke kwenye maji ya moto yenye sabuni. Ukungu mweusi hujificha chini yake hata chupa ikionekana safi.