Nilivyopima mitandao minne bondeni Goba mpaka dishi bovu likaniokoa

Kila niliyemuuliza nichukue intaneti ipi alinipa jibu moja: "Chukua 5G kaka, umemaliza." Fundi simu alisema hivyo, shemeji yangu alisema hivyo, na kijana wa kusajili laini pale stendi naye alisema hivyo huku ameshanyoosha mkono kuomba namba yangu ya NIDA. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza ninakaa wapi wala intaneti naitakia nini.

Nakaa Goba, Dar es Salaam. Anayeijua Goba anajua ni kilima, bonde, kilima, bonde mpaka upate kizunguzungu, na mimi kiwanja changu nilikinunua bei poa kwa sababu kiko bondeni. Kazi yangu ni kupiga video za harusi na kuzihariri. Zamani nilikuwa naweka kwenye flashi, mteja anakuja kuchukua, tunamalizana. Siku hizi bibi harusi anafungwa nikahi Magomeni, wiki mbili baadaye yuko Maskati kwa mumewe, na anataka video yake huko huko, nzima, siyo ile iliyofinywa ya WhatsApp. Video nzima ni jibii kumi na nne hivi. Mama yake naye anapiga simu kila asubuhi: "Mwanangu, bado tu?"

Basi nikanunua simu ya 5G Kariakoo, iliyotumika lakini safi, laki saba na kitu. Vodacom ndio waliotangulia kuwasha 5G nchini Septemba 2022, mwaka uliofuata wengine nao wakaingia, kwa hiyo mwaka 2024 nikaona nimeshachelewa vya kutosha. Siku tatu nilizunguka na hiyo simu mpaka mjini bila kuiona alama ya 5G hata mara moja. Nikarudi Kariakoo nimevimba. Muuzaji aliichukua, akaingia kwenye mipangilio, akagusa sehemu moja, akanirudishia. Ilikuwa imewekwa iishie 4G. Hakusema neno, alinitazama tu, na wale vijana wa duka la jirani nao wakanitazama.

Siku hiyo hiyo, njiani kurudi, nikiwa maeneo ya Mwenge alama ikatokea. Nikashuka kwenye daladala kabla ya kituo changu. Nikanunua bando la jibii moja, nikafungua ile programu ya kupima kasi, nikabonyeza. Mshale ukaruka mpaka mia tatu na kitu! Nilicheka peke yangu barabarani. Nikabonyeza tena ili nipige picha ya skrini nimtumie shemeji. Kabla sijaituma ukaingia ujumbe kwamba nimetumia asilimia 75 ya bando langu, na kabla sijaumaliza kuusoma ukaingia wa pili kwamba limekwisha. Picha ya skrini nilishindwa kuituma.

Nilikwenda nyumbani nikapiga hesabu, na hesabu haina siri. Megabiti 300 kwa sekunde, ukigawa kwa nane (baiti moja ni biti nane), ni karibu megabaiti 38 kila sekunde. Kipimo kinachukua sekunde kumi, kumi na mbili hivi kwa kushusha peke yake. Pale umeshakula kama MB 400 kwa kubonyeza mara moja, na kipimo cha kupandisha bado. Anayekwambia "pima kasi kila siku" mwambie akununulie na bando.

Bondeni kwangu, 5G haikuwahi kutokea hata siku moja, na sasa najua kwa nini. Oktoba 2022 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walinadi masafa ya mawimbi, mengine ya chini kama 700 MHz na mengine ya juu kama 3500 MHz. Ya juu yanabeba mzigo mkubwa lakini hayaendi mbali, na ukuta wa tofali unayachosha. Ya chini yanabeba kidogo, ila yanafika na yanapenya. Mimi na kilima kinachonikinga na mnara tunaishi kwa hisani ya masafa ya chini.

Nikaamua kupima mwenyewe, mitandao minne, pale pale kwenye meza yangu ya kazi. Majina ya kampuni siyataji, maana la bonde langu si la bonde lako. Laini nilizibatiza: Bibi (ya kwangu ya tangu zamani), Mjomba, Jirani na Mgeni.

Shida ya kwanza ni kuzipata hizo laini. Sikutaka kusajili tatu mpya kwa dole gumba langu kwa ajili ya jaribio la wiki moja. (Piga *106# siku ukiwa na nafasi, uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Mimi nilikuta moja ambayo hata mke wangu haijui, na hiyo ilinichukua jioni nzima kuieleza. Ilikuwa ya modemu.) Nikaenda kumwazima mama wa genge laini yake. Akaniangalia kama nimemwomba kitasa cha mlango na ufunguo pamoja: "Humo ndimo ilimo pesa yangu yote, wewe unataka uende nayo wapi?" Bodaboda naye hivyo hivyo. Mwisho shemeji akakubali kutoa yake ya pili, dada akatoa ya kwake, na ya tatu ilikuwa ile ya modemu yenye kesi. Shemeji baadaye alinidai kwa sababu mteja wake alipiga siku nzima hampati.

Ukitaka kulinganisha, weka laini zote kwenye simu moja. Nilianza kwa kuomba hotspoti za watu, nikapata majibu ya ajabu. Kumbe nilikuwa napima simu zao, siyo mitandao.

Nilianza rasmi Jumapili tarehe 12 Mei 2024. Nilinunua daftari jipya, nikachora mistari kwa rula. Nikaweka Bibi: vijiti vyote vinne, ukurasa haufunguki. Nikaandika sifuri. Nikaweka Mjomba: vijiti vitatu, inazunguka tu. Sifuri. Jirani ilifungua nusu ya picha moja. Nikazima simu, nikawasha, nikachomoa laini, nikaisugua kwenye shati, nikapuliza mdomo wa simu kama tulivyokuwa tunapuliza kaseti. Nikapanda juu ya tenki la maji. Mke wangu alisimama chini ananishikia ngazi na kuuliza bima yangu iko wapi. Kufika alasiri nilikuwa nimeshaamua kwamba simu ni mbovu, Kariakoo wameniuzia kopo, na kesho narudi na balozi wa mtaa.

Jioni ndipo taarifa ikaenea: kebo za chini ya bahari zinazotuletea intaneti, EASSy na SEACOM, zimekatika huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi nzima inahangaika. Sikuchagua siku nyingine yoyote katika mwaka mzima, nilichagua hiyo. Ukurasa wa kwanza wa daftari ninao mpaka leo, sifuri zimepangika vizuri kwa rula.

Lakini sikutoka mikono mitupu. Vijiti vya simu vinakueleza habari za wewe na mnara wako tu. Kutoka mnarani mpaka Maskati ni safari nyingine, na vijiti havijui lolote kuhusu hiyo. Tangu siku ile sivihesabu. Kwenye simu nyingi za Android ukipiga *#*#4636#*#* inafunguka orodha yenye nguvu ya mawimbi kwa namba, yenye alama ya kutoa mbele. Namba ikisogelea sifuri ndiyo nzuri. Kwangu mezani nilikuwa nasoma -113, -115, nikifunga dirisha -118. Kwa 4G, -90 ni raha, na ukivuka -110 jiandae kusubiri.

Mambo yalipotulia nikaanza upya, safari hii bila programu ya kupima kasi. Nilikata kipande cha video cha MB 50, harusi ya Tabata, pale ambapo ngoma ya bwana harusi inaingia, nikawa nakipandisha kwenye hifadhi yangu ya mtandaoni huku saa inahesabu. Kila laini, mara tatu kwa siku: saa nne asubuhi, saa mbili usiku, na saa tisa usiku wa manane. Nimekisikia kile kipande cha ngoma mpaka kwenye ndoto.

Hapo ndipo nilipowakasirikia washauri wangu wote kwa pamoja. Mia tatu zile za Mwenge ni za kushusha. Mimi kazi yangu ni kupandisha. Kupandisha ni biashara nyingine: mnara una nguvu kubwa, simu yako ina kibetri, ndiyo inayopaza sauti mpaka isikike kule kilimani. Na kwenye hayo masafa ya juu ya 5G, muda wa hewani unagawanywa, sehemu kubwa wanapewa wanaoshusha kwa sababu watu wengi wanatazama, wachache tunapeleka. Hili tangazo halilisemi. Na bado kuna mtu mzima aliniambia kupandisha hakuli bando. Kunakula, tena sawasawa.

Saa mbili usiku Mjomba, ambaye mtaa mzima unamsifia, alichukua dakika sita kwa kile kipande kimoja. Kwa mwendo huo video ya jibii 14 ingenitoka zaidi ya siku nzima. Wala si kwamba mnara wake ni mbovu. Asubuhi alikuwa mzuri tu. Ila mtaa mzima wako naye, na usiku wote wamelala kitandani wanatazama tamthilia. Bibi alikuwa wa wastani nyakati zote, kama nilivyomzoea. Jirani alikuwa na bei nzuri kuliko wote, na umeme ukikatika tu naye anapotea, nadhani betri za mnara wake zimechoka. Mgeni, yule wa modemu, ambaye hakuna aliyenitajia jina lake hata kwa bahati mbaya, ndiye aliyekuwa na namba nzuri ya mawimbi. 4G ya kawaida. Saa tisa usiku sekunde kama 70.

Bei sasa. Bando la kawaida jibii moja lilikuwa linanitoka kama elfu mbili, mara zaidi, inategemea umelinunua la siku, la wiki au la mwezi. Kwa hiyo video moja kwa bando za mchana ilikuwa karibu elfu thelathini, na hapo hujakosea ukaanza upya. La usiku lilikuwa rahisi mno, nusu na chini ya nusu, ila lilikuwa linakufa alfajiri bila kukuongezea hata dakika. Kifurushi cha ruta ya nyumbani kisicho na kikomo kilikuwa laki na ushee kwa mwezi, kizuri kwa mwenye 5G dirishani. Soma tu yale maandishi madogo ya kiwango cha matumizi, ambacho ukikivuka kasi inashushwa. Shemeji amekichukua. Anakaa ghorofani Sinza, halali yake.

Lakini sekunde 70 bado hazikunitosha. Nyuma ya nyumba nilikuwa na dishi la televisheni, kubwa, king'amuzi chake kilikufa zamani na kuku wakawa wanalala chini yake. Nikalitoa kile kichwa cha mbele, nikafunga pale modemu ya mfukoni kwa waya na mpira wa baiskeli, nikalielekeza mnarani. Hakuna kitu. Namba ile ile. Nikalizungusha kushoto, kulia, nikaliinua juu, ikawa mbaya zaidi. Nusu siku. Nilikuwa naliacha sasa, lile dishi likaniponyoka mkononi likainamia mbele, uso chini kama mtu anayetafuta sindano, na namba ikawa -101.

Nililishika hapo hapo nikamwita mke wangu alete mawe. Baadaye nikaelewa: madishi haya hayatazami kule uso ulikoelekea. Yameundwa yapokee kutoka juu zaidi ya yanavyoonekana kutazama. Sasa mnara hauko angani kama setilaiti, uko usawa wa kilima, kwa hiyo ili dishi liutazame mnara lazima lionekane linatazama ardhi. Modemu nimeivisha kopo la aiskrimu kwa ajili ya mvua, waya wa chaji unapita dirishani.

Saa tisa usiku, kipande kile cha ngoma: sekunde 38.

Jibii kumi na nne zikaenda kwa saa tatu na kidogo, mimi nimelala. Asubuhi mama wa bibi harusi alipopiga nilimwambia video iko Maskati tangu alfajiri, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa nini sikuituma mwanzo kabisa.

Bibi sijamtupa. Tangu Machi 2017 unaruhusiwa kuhama mtandao ukabaki na namba yako, na nilifikiria, lakini vocha na pesa za kwenye simu hazihami na wewe, na wateja wangu wote wananilipia humo. Kwa hiyo Bibi anapokea pesa na simu, Mgeni anabeba video usiku. Jirani mmoja alipita juzi, akasimama akalitazama lile dishi lililoinamia majani, akaniuliza kwa upole linashika chaneli gani.